Kimya cha Meza ya Bati

Anayetafuta mtakatifu mpole asimtafute hapa. Mwanamke huyu alikuwa na ulimi wa kuchuna ngozi, na miaka kumi na minane aliyofua mashuka ya hospitali haikuulainisha. Walimwita Pasi. Aliyempa jina hilo ni Mzee wa Mashine, mwendeshaji wa zile mashine mbili kubwa za kufulia, na kila mgeni alielezwa sababu: "Ni ya moto, ni nzito, na haipiti mahali bila kunyoosha."

Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma kabisa ya hospitali, ukishapita jiko na kabla hujafika chumba cha maiti, mahali ambapo wageni wa heshima hawafikishwi. Sakafu haikuwahi kukauka. Mashine ya tatu ilikufa zamani, ikageuzwa kabati la sabuni. Katikati palikuwa na meza ndefu, na juu ya meza hiyo palipigiliwa bati.

Bati lile halikuwekwa kwa urembo. Mashuka yaliletwa kwa toroli kutoka wodini yakiwa yamekunjwa ovyo, na ndani ya mikunjo kuna kila kitu. Kwa hiyo kabla shuka halijaingia kwenye maji, watu wawili husimama wakitazamana, kila mmoja akashika pembe mbili, wakaliinua juu ya bati na kulikung'uta mara tatu. Kisha wanasikiliza. Pamba haisemi kitu. Mkasi unasema tang. Meno ya bandia yanasema ko, na siku yanapopatikana hayo watu hucheka hadi saa nne. Sindano inasema ti, sauti ndogo kama mdudu aliyegonga kioo.

Ili mtu aisikie ti, lazima mashine zizimwe. Na kwa miaka mingi zilizimwa, kuanzia saa moja na nusu hadi saa mbili na robo asubuhi. Wenyewe walikiita kimya cha meza. Hakuna aliyeongea, hata Chiriku, yule binti wa kupanga nguo aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kufunga.

Halafu ikaja ratiba mpya. Vitanda viliongezwa, mashuka hayakuongezwa. Metroni, mkuu wa wauguzi, ambaye chumba cha kufulia kilikuwa chini yake pia, akabandika karatasi ukutani: mashine zisizimwe kabla ya saa sita. Chini akatia sahihi nzuri yenye mkia mrefu.

Wakati huohuo vile visanduku vya manjano vya kutupia sindano vikaadimika wodini. Vilipojaa, manesi walishindilia. Viliposhindikana kushindiliwa, walitumia maboksi ya glavu. Maboksi yalipokwisha, sindano iliyokosa nyumba ikalala kitandani pamoja na mgonjwa. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ndivyo ubaya mwingi unavyofanyika: hakuna anayeukusudia, kila mtu anaupitisha kwa mwenzake, mpaka umfikie yule ambaye nyuma yake hakuna mtu.

Pasi alianza kuzikusanya zile alizozipata. Alizitia katika chupa nene ya kahawa yenye kifuniko cha kukaza, na chupa ilipofika nusu aliibeba mpaka ofisini kwa Metroni.

"Dada yangu," Metroni alisema, akiisogeza chupa mbali na karatasi zake, "nimeandika barua tatu kwa wakubwa."

"Andika ya nne."

"Hawajibu. Nifanyeje? Kila mtu ana msalaba wake, na sisi tumepewa huu. Tuubebe."

Walisali kanisa moja. Metroni alikuwa mzee wa kanisa, akikaa benchi la pili. Pasi alikaa karibu na mlango, ili akichoshwa na mahubiri atoke.

"Huu hatujapewa na Mungu," Pasi alimjibu. "Huu una sahihi yako." Akachukua chupa yake akarudi kazini.

*

Meza ilikuwa kwa zamu, watu wawili kwa wiki. Zamu ya Chiriku ilipofika alikuwa na mimba ya miezi sita. Mbili za kabla yake ziliharibika, na hii ya tatu alitembea nayo kama mtu aliyebeba yai kwa kijiko. Aliomba kubadilishiwa. Aliambiwa kwamba akiondolewa mmoja, kesho wote watakuja na sababu zao.

Jumatatu asubuhi Pasi alimkuta anavaa glavu, pea mbili, moja juu ya nyingine. Alizivua mikononi mwake kama mtu anavyomvua mtoto soksi.

"Mama, wewe umemaliza wiki yako juzi," Chiriku alisema.

"Nani kakwambia najua kuhesabu?"

"Usinibebee mzigo wangu, tafadhali."

"Nikubebe wewe, na uzito wote huo? Namshikia zamu huyo aliye ndani. Yeye hajasaini mkataba na hospitali."

Chiriku alianza kulia, akasema Mungu ambariki. Pasi akamwambia aende kukunja foronya, na kama analia alie mbali na zile safi. Alikuwa na hasira. Alikasirishwa na machozi, alikasirishwa na shukrani, alikasirika kwamba jambo dogo kama hilo, mwanamke kumpisha mwanamke mwenzake, limekuwa tendo la ushujaa. Mahali penye akili lisingehitajika kabisa.

Ilikuwa Alhamisi, mashine zikinguruma, na shuka lilikuwa la wodi ya watoto. Walilikung'uta mara tatu. Kama kitu kilisema ti, nani angesikia? Pasi alipitisha kiganja kwenye pindo, jinsi walivyozoea kufanya tangu masikio yalipokosa kazi, na sindano ikaingia chini ya dole gumba, mpaka ikakomea.

Aliitazama. Aliichomoa. Kisha alisema neno ambalo halimo katika kitabu chochote cha nyimbo, na Mzee wa Mashine, ambaye kwa kelele zile huwa hasikii hata akiitwa, aligeuka.

*

Alipewa vidonge vya kuzuia virusi vya UKIMWI, vya siku ishirini na nane. Kipimo cha kwanza kilikuwa safi, lakini hicho hakikumwambia kitu. Vya kusubiriwa vilikuwa cha wiki ya sita na cha mwezi wa tatu. Daktari alimwandikia mapumziko hadi vidonge viishe, na akapiga mstari mara mbili chini ya maneno haya: asirudi mezani.

Vidonge vilimkung'uta kama shuka. Chakula kilikuwa na ladha ya chuma. Alfajiri aliamka na beseni, adhuhuri akalala na beseni. Dada yake mkubwa, mshona nguo, alihamia kwake na cherehani yake, na kati ya mshono na mshono alimsema.

"Una miaka hamsini na sita, bado unataka kuwa Yesu."

"Yesu hakuwa na dada wa kumchosha."

"Ungemwacha yule binti afanye kazi yake. Ana mume, ana mama mzazi, wewe ni nani wake?"

"Dada, shona."

"Nashona. Nakuuliza huku nashona."

Pasi aligeukia ukutani. Hakuwa ndugu wa Chiriku. Alikuwa amesimama karibu, basi. Aliamini, kwa namna yake ya kununa, kwamba dini yote aliyofundishwa tangu utotoni inaishia hapo: umesimama karibu, unaona, basi nyoosha mkono. Mengine ni vitambaa vya madhabahuni.

Na bado alikuwa na hasira. Alipoomba, hakupiga magoti, maana magoti yalikataa. Alilala chali akamwambia Mungu wake kama anavyomwambia mtu aliyechelewa kazini: "Sijuti. Ukiniuliza tena leo nitasema ndiyo. Lakini aliyeniuliza si Wewe. Ni ile karatasi ya ukutani. Na karatasi haina haki ya kuniomba kitu kama hiki."

Alhamisi ya mwisho ya vidonge, mchungaji alikuja pamoja na Metroni. Mchungaji alikuwa kijana bado, mwenye viatu vilivyong'aa na moyo usio na hila. Alikaa ukingoni mwa kiti, akapokea chai, akasema wazee wa kanisa wamekaa na kukubaliana. Jumapili hii kanisa litamshukuru Pasi hadharani. Cheti kimeshaandikwa, kimetiwa kioo.

"Mama, maisha yako ni mahubiri," alisema.

"Ni mahubiri yanayotapika, mchungaji. Sogeza viatu."

Dada yake aliangua kicheko kwenye cherehani. Mchungaji alitabasamu, lakini miguu aliirudisha nyuma.

"Watu wanahitaji kuona mtu anayeteseka kwa ajili ya mwenzake bila kulalamika," aliendelea. "Kimyakimya."

"Kimyakimya," Pasi alirudia, kama mtu anayeonja chumvi. Akamgeukia Metroni. "Jumatatu mezani ni nani?"

Metroni alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Wewe daktari amekukataza."

"Sijauliza habari zangu."

"Ratiba imezunguka. Tuna upungufu wa watu, unajua mwenyewe."

"Ni nani?"

"Ni Chiriku."

Cherehani ilinyamaza. Pasi alifumba macho, na mchungaji, aliyedhani mgonjwa amechoka, alianza kuinuka ili afunge kwa sala. Chiriku sasa alikuwa na miezi saba. Wiki nne za kutapika, na kitu pekee kilichonunuliwa kwa wiki nne hizo kilikuwa wiki nne.

"Nitakuja Jumapili," Pasi alisema.

*

Jumamosi aliitoa chini ya kitanda ile chupa ya kahawa, aliyoileta nyumbani kutoka kazini. Alizichemsha zile sindano tangu asubuhi hadi alasiri katika sufuria ambayo dada yake alitangaza kwamba haitapikiwa tena, akazirudisha ndani kwa koleo.

Jumapili kanisa lilijaa. Chiriku alikaa katikati, amevaa gauni lililobana tumboni. Walimweka Pasi benchi la mbele, mahali ambapo hakuwahi kukaa, na hapo hakuna mlango wa kukimbilia. Mchungaji alihubiri vizuri. Alisema kuna watu ambao Mungu huwachagua wawe kama mshumaa, waungue ili wengine waone. Watu waliitikia. Pasi alifikiria kwamba mshumaa hauulizwi, na kwamba anayeuwasha mchana kweupe, na madirisha yapo ila hataki tu kuyafungua, si mcha Mungu bali ni mharibifu.

Akaitwa. Mchungaji alikuwa ameshika cheti kwa mikono miwili. Pasi hakukipokea. Alikwenda kwenye meza ya mbele zilipokuwa sahani za sadaka, sahani pana za bati ambazo ndani yake huwekwa kitambaa chekundu ili sarafu zisipige kelele. Aliinua sahani moja, akakitoa kitambaa, akakikunja vizuri pembe kwa pembe. Mkono wa miaka kumi na minane haukunji vibaya hata ukiwa na hasira.

"Mpiga kinanda, mwanangu, nyamaza kidogo," alisema.

Kinanda kilinyamaza. Akafungua chupa, akaiinamisha.

Ti.

Watu wa nyuma walinyoosha shingo. Ti, ti. Kisha zikaja kwa pamoja, kama mvua ya kwanza juu ya paa, ndefu kuliko mtu yeyote alivyotarajia, mpaka mama mmoja akafunika masikio ya mtoto wake.

"Hiyo ndiyo sauti ambayo sikuisikia," Pasi alisema. Hakupaza sauti. "Sikuisikia kwa sababu mashine hazizimwi. Hizi zote zilitoka kwenye mashuka ya wagonjwa wenu, mengine ya watoto wenu. Mchungaji amesema niliteseka kimyakimya. Sijawahi kunyamaza tangu nizaliwe, mwulizeni dada yangu. Nilikwenda ofisini na chupa hii."

Dada yake, benchi la nne, alitikisa kichwa kukubali.

"Nilimshikia mwenzangu zamu kwa hiari yangu. Hilo ni langu, halihitaji kioo, na nikiweza nitalifanya tena. Lakini sikilizeni. Mtu akivua koti lake akampa anayetetemeka, huo ni upendo. Wengine wakimwona amevua, wakasema basi, makoti hayanunuliwi tena maana tunaye mtu wa kuvua, huo ni wizi. Mnaniibia halafu mnaniimbia."

Mtoto alikohoa.

"Kesho asubuhi kwenye meza ile atasimama binti mwenye mimba ya miezi saba. Yumo humu ndani. Shuka lina pembe nne, na mtu mmoja ana mikono miwili. Nyimbo zenu ni nzuri. Ninachotaka kujua ni nani atashika."

Akashuka. Hakurudi mbele. Alikwenda kukaa benchi lake la karibu na mlango, akaomba asitapike pale.

Mchungaji alibaki na cheti. Alitangaza wimbo, akataja namba isiyokuwepo, akataja nyingine. Mwishowe alikilaza cheti kifudifudi mezani, kando ya sahani, akasema kwamba leo hana la kuongeza. Huenda hayo ndiyo yalikuwa mahubiri yake bora.

Nje, mama mmoja wa kwaya alimshika Pasi mkono. "Ndugu yangu, mambo ya kazini hayaletwi kanisani."

"Na mimi je?" Pasi alimwuliza. "Mimi ni mambo ya kazini."

Metroni alipita upande wa pili, mkoba kifuani, bila kusalimia.

*

Jumatatu Pasi alifika kabla ya saa moja na nusu. Kwa agizo la daktari alitakiwa aende moja kwa moja kwenye upigaji pasi. Mashine zilikuwa zinanguruma. Chiriku alikuwa mbele ya meza, amevaa glavu pea tatu, vidole vimevimba kama soseji, haviwezi kushika hata pindo.

"Vua," Pasi alisema.

"Mama, daktari amesema."

"Daktari hayupo. Vua."

"Sivui." Ilikuwa mara ya kwanza Chiriku kumkatalia. "Ukichomwa tena nitaishi vipi na mtoto huyu? Nimwambie nini? Kwamba ulikufa kwenye wiki yangu ili yeye azaliwe?"

Walisimama hivyo, wameng'ang'ania glavu, mmoja akivuta na mwingine akirudisha, wote wawili wamefura, na huenda upendo ukitazamwa kwa karibu unafanana na ugomvi kuliko watu wa vyeti wanavyodhani. Ndipo mlango ukafunguliwa.

Metroni alikuwa amevaa sare yake nyeupe, lakini mikono ameikunja juu ya viwiko. Hawakuwa wamemwona katika chumba kile tangu abandike karatasi. Alimwendea Mzee wa Mashine akamwambia kitu. Mzee alionyesha sikio lake. Akarudia. Mzee, ambaye sasa alisikia vizuri kabisa, alionyesha ile karatasi ukutani, kidole kikiwa juu ya sahihi.

Metroni alitazama mkia wa sahihi yake. Akainua mkono, akazima swichi mwenyewe, ya kwanza, kisha ya pili.

Kimya kilishuka chumbani kizito, chenye mvuke. Tone la maji lilisikika likianguka kwenye sinki.

"Wewe nenda kakunje yaliyokauka," Metroni alimwambia Chiriku, bila kumtazama usoni. "Mpaka ujifungue." Kisha akavaa glavu. "Nani anashika upande ule?"

"Mimi," alisema Mzee wa Mashine. "Mashine zimelala, nami nilale?"

Pasi alisimama kando, mikono nyuma, kama daktari alivyoagiza. Hakumshukuru Metroni. Hakuona kwa nini mtu ashukuriwe kwa kufika kazini.

"Inua juu zaidi," alimwambia. "Usilibembeleze, si mtoto. Likung'ute. Mara tatu. Sasa usipumue."

Shuka la kwanza halikusema kitu, wala la pili. Metroni alianza kutoka jasho. Katika shuka la kumi na mbili au la kumi na tatu, bati lilisema ti.

Metroni aliganda. Sindano ilikuwa imelala mbele yake, ndogo, safi kabisa kwa macho. Aligeuza pindo la shuka akasoma muhuri. Ilikuwa wodi ya upasuaji, ambayo yeye mwenyewe aliisimamia miaka sita kabla ya kupandishwa.

"Nitaandika barua ya nne," alisema polepole.

"Barua tatu zimewashinda," Pasi alisema. "Wapelekee hiyo. Imwage mezani kwao, kisha uwaombe wanyamaze."

Metroni aliitazama sindano, akatazama chupa tupu ya kahawa ambayo Pasi alikuwa ameitoa mfukoni na kuisukuma juu ya bati. Akachukua koleo. Aliitia sindano ndani ya chupa, akakaza kifuniko.

Pasi alikwenda kwenye kona yake akawasha pasi. Kipimo cha wiki ya sita kilikuwa bado, na cha mwezi wa tatu kilikuwa mbali. Tumbo lilikuwa limeanza kutulia. Hasira haikutulia, ilikaa pale pale kifuani, kama makaa, na alijua ataihitaji wiki ijayo na ile itakayofuata, kwa maana karatasi ilikuwa bado iko ukutani.

Chiriku alisogea karibu na rundo la foronya kavu. Alivumilia alivyoweza. Kisha akainama sikioni mwa Pasi.

"Mama," alinong'ona, "hasira imekwisha?"

"Funga mdomo," Pasi alisema. "Watu wanasikiliza."